Barua ya wazi kwa wakubwa wa parokia: ondoeni sahihi ya mhazini kwa fomu ya Komunyo ya kwanza

Kwa Baba Paroko, kwa mwenyekiti na baraza la parokia, kwa ofisi ya katekesi, na kwa yeyote kule jimboni ambaye hii barua itamfikia, maana najua hizi vitu zikishaingia kwa simu za watu hazijui mpaka.

Tumsifu Yesu Kristu.

Mimi ni mhazini wa jumuiya moja, yaani kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja, hapa Eastlands, Nairobi, huu ni mwaka wangu wa sita na kitabu cha michango, na kazi ya kuniletea unga ni ufundi wa nguo pale Uhuru Market. Nimetaja zote mbili kwa sababu hii maneno imenipata kotekote, kwa kitabu na kwa cherehani, na kabla mseme huyu mama amekuja kutuanika mbele ya watu wacha nianze na yangu. Kuna mtoto hakupokea Komunyo mwaka huu na aliyeandika jina la nyumba yao kwa orodha ya madeni ni mimi. Na rinda lake nilishona mimi.

Wale hawajui, fomu ya Komunyo ya kwanza kwetu iko na sehemu tatu. Juu ni mambo ya ubatizo, namba ya cheti, tarehe, kanisa. Katikati katekista anaandika mtoto amehudhuria darasa mara ngapi na kama amepita mtihani. Halafu huku chini kuna mstari mmoja, familia imekamilisha michango ya jumuiya, mwenyekiti anasaini, mhazini anasaini, muhuri unagongwa. Nimeusaini huo mstari mara nyingi sana, nikiwa kwa meza ya kukatia, chaki kwa vidole, nasema haya peleka, nani mwingine, hata sisomi. Mwaka huu ofisi ikaona kusaini moja moja inachelewesha watu, ikatuambia wahazini tutume tu majina ya nyumba zenye deni. Nikakaa usiku nikaandika, nikapiga picha nikatuma kwa WhatsApp. Majina 9. La nne lilikuwa la shosho, nyanya ya huyo mtoto.

Shosho anauza mboga kwa geti ya ploti yao, sukuma na managu, na analea mjukuu tangu mama ya mtoto aende Saudia. Pesa ilikuja kama miaka miwili, ikaacha kuja, na simu pia. Deni lake kwa kitabu changu lilikuwa 4,600: miezi 8 ya mia mbili mbili, na 3,000 ya ujenzi wa nyumba ya mapadre ambayo kila familia ilipangiwa. Hesabu ni sawa kabisa, hata shilingi moja haijakosewa, na naomba mniamini nilipoiandika sikufikiria mtoto hata kidogo, nilifikiria tu kitabu kikae vizuri kisije kikaniletea maneno wakati wa ukaguzi.

Huyo msichana ana miaka 10. Miaka mitatu hajakosa darasa la Jumamosi ukiondoa ile wiki ya malaria. Sala ya Nasadiki anaisema bila kukwama, Amri za Mungu na za Kanisa ndio usiseme, siku moja alinikosoa mimi kwa Matendo ya Mwanga, nikiwa kiongozi wa rozari, mbele ya wazee. Shosho aliponiuliza rinda ni pesa ngapi nikamwambia aache, nitamshonea. Si ukarimu mkubwa vile, ilikuwa sateni iliyobaki kwa rinda la mtoto wa mtu mwingine, ilibidi niunge mgongoni, lakini nililitia bitana na zipu ya kufichwa na hiyo kiungo ukiitafuta huioni.

Sasa Jumamosi kabla ya sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristu, hiyo kwetu mafundi ni siku ya kufa na kupona, nilikuwa na marinda 14 ya watoto wa parokia yetu peke yake, na mama kila mmoja anakuja na jipya, huyu anataka lipunguzwe kiuno, huyu ameota usiku kwamba mikono ingekuwa na lesi. Saa kumi na moja hivi nikamwona msichana amesimama pale kwa kona ya kibanda na kifurushi cha managu, shosho ametuma ya shukrani. Nikamwambia ingia ujaribu mara ya mwisho. Akasema Anti, shosho amesema asante lakini usisumbuke, mimi sikusomwa kwa orodha ya Komunyo.

Nikadhani ni makosa ya kuandika, majina hukosewa kila mwaka. Nikamwuliza katekista alisema nini, akasema ameambiwa aulize nyumbani mambo ya jumuiya.

Nikaishiwa nguvu, nikakaa chini kwa ile stuli na mkasi mkononi. Halafu akaniuliza kitu ambacho mpaka leo nalala nacho. Walikuwa wamefanya kitubio cha kwanza, yaani kuungama dhambi, Alhamisi, yeye na wenzake wote, maana orodha ilikuwa haijatoka. Akauliza, sasa Anti, ile kitubio yangu itakaa mpaka mwaka ujao ama itaisha? Jamani. Kumbe mtoto kichwani anapiga hesabu vile ataishi mwaka mzima bila kukosea ndio nafasi yake isipotee. Nikamwambia haiishi, Mungu si kama bando za simu. Sijui kama hiyo ni mafundisho sawa, Baba Paroko utanirekebisha, lakini ndiyo ilinitoka. Akacheka kidogo, akaacha managu, akaenda.

Jioni hiyo nikapiga simu kwa ofisi nikasema hiyo 4,600 nailipa mimi saa hii kwa M-Pesa, nipeni tu dakika. Nikajibiwa orodha imefungwa na imeshaenda kwa Padre, halafu tukifungulia mmoja wengine watasema nini. Na kusema ukweli huyo aliyenijibu hakuwa mkali, alikuwa tu amechoka, ilikuwa Jumamosi jioni na hema bado halijafika. Baba Paroko, sidhani uliambiwa. Naamini uliletewa karatasi imepigwa chapa na majina 38 na ukaamini hao ndio wote, vile na mimi niliamini daftari yangu ni ya hesabu tu. Kila mmoja wetu alifanya kipande chake kidogo na hakuna mtu hata mmoja kati yetu alisema mtoto huyu asipokee, na bado hakupokea.

Jumapili nikamwona kwa foleni. Amekunja mikono kifuani kupokea baraka, amesimama na watoto wa nasari, amewapita kichwa na mabega. Mbele yake marinda yangu 14 yanapita moja baada ya lingine.

Mwana wa dada yangu yuko seminari. Alipokuja likizo nikamwambia nifungulie kile kitabu cha sheria za Kanisa, ile ya mwaka 1983, unionyeshe pahali mhazini wa jumuiya amepewa mamlaka ya kusimamisha mtoto. Tulikaa mpaka chai ikapoa. Tulichopata ni hiki. Kanuni ya 913 inataka mtoto awe na maarifa ya kutosha na ametayarishwa vizuri, aelewe fumbo la Kristu kadiri ya uwezo wake na aweze kupokea kwa imani na ibada. Ya 914 inasema kazi ya kumtayarisha ni ya wazazi kwanza, na wale wanaoshika nafasi ya wazazi, na paroko. Wanaoshika nafasi ya wazazi, hapo nikamwambia simama kidogo, huyo ni shosho kabisa. Ya 843 inasema wahudumu hawawezi kuwanyima sakramenti watu wanaoziomba kwa wakati ufaao, walio tayari, na ambao sheria haijawakataza. Halafu ya 848, hii nilimfanya arudie mara tatu: mhudumu asidai chochote kwa sakramenti zaidi ya sadaka iliyopangwa na mamlaka husika, na awe mwangalifu siku zote wahitaji wasije wakakosa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Imeandikwa hivyo. Mchango wa nyumba ya mapadre hatukuuona mahali, na tulitafuta.

Na si sisi wa kwanza kuwekea watoto vizingiti. Zamani huko Ulaya watoto walikuwa wanangojeshwa mpaka miaka 10, 12, 14, wengine zaidi, eti kwanza wakomae, kwanza wajue kila kitu. Papa Pio wa 10 ndiye alikata hiyo maneno. Tarehe 8 Agosti 1910 Roma ikatoa agizo linaloitwa Quam singulari, kwamba umri ni pale mtoto anapoanza kutumia akili, kama miaka 7 hivi, na kinachotakiwa ni ajue mafumbo makuu ya imani kwa kiasi chake na aweze kutofautisha mkate wa Komunyo na mkate wa kawaida. Basi. Huyu wetu alikuwa na 10 na anatofautisha mpaka Matendo ya Mwanga.

Kabla ya hapo kulikuwa na msichana mmoja huko Cork, Ireland, anaitwa Nellie Organ. Mama yake alikufa kwa kifua kikuu, baba alikuwa mwanajeshi, kwa hivyo mtoto akalelewa na Masista wa Mchungaji Mwema, na yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa sana. Alikuwa anamwomba mtu akitoka kupokea Komunyo arudi ambusu, ndio na yeye apate kidogo. Askofu wa Cork akakubali apewe. Alipokea Desemba 1907 akiwa na miaka 4, akafa Februari 1908. Nimemfikiria sana huyo mtoto nikiwa kwa cherehani. Mama hayuko, baba hayuko, fomu yake angesaini mhazini gani?

Na wala tusiende mbali hivyo, Kizito wetu wa Namugongo, yule kijana wa Uganda aliyeuawa kwa ajili ya imani, alibatizwa na mwenzake Karoli Lwanga kwa haraka, Mei 1886, wakijua kifo kiko mlangoni. Watoto wetu tunawaita Kizito kila mwaka. Sawa.

Sasa najua mtanijibu nini kwa sababu hayo majibu nimeyatoa mimi mwenyewe kwa mikutano ya jumuiya, tena nikiwa nimesimama. Kanisa linaendeshwa na nini? Stima inalipwa na nani? Ni kweli. Katekista wetu anatoka Mukuru kwa miguu kila Jumamosi na posho anayopewa ni aibu kuitaja hapa, na kama kuna mtu anafaa kupata pesa kabla ya ile nyumba kupigwa rangi ni yeye. Kusaidia Kanisa kwa zaka ni amri ya Kanisa, mtoto mwenyewe anaijua kwa kichwa. Lakini kwa hizo hizo Amri za Kanisa kuna ile ya kupokea Ekaristi, ndiyo hiyo Komunyo, hasa wakati wa Pasaka, na tumemfundisha miaka mitatu aikariri halafu tukamfungia mlango kwa sababu ya ile nyingine, ambayo si yake hata, ni ya shosho.

Jibu la pili ni kwamba bila hiyo sahihi watu watakuja tu wakati wa sakramenti, wabatize, wapokee, wapotee, mpaka siku ya mazishi ndio tunasikia walikuwa Wakatoliki. Hii nayo ni kweli na inaniuma zaidi ya ile ya pesa. Ila huyu hakuwa amepotea! Shosho huja jumuiya kila wiki, anakuja na kiti chake cha plastiki kwa sababu anajua kwa watu viti havitoshi. Ni pesa tu haji nayo. Maaskofu wetu wa AMECEA, ule umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana hapa hapa Nairobi mwaka 1976 wakaamua Kanisa lijengwe kwa jumuiya ndogo ndogo, vile nimefundishwa kwa semina za wahazini walitaka watu wa ploti moja wajuane, wasome Neno, wabebane. Mimi kama jirani nilijua shosho amelala njaa siku ngapi mwezi wa Aprili. Kama mhazini nikaandika 4,600. Na ofisi iliniuliza kama mhazini, haikuniuliza kama jirani.

Papa Fransisko, huyo aliyekuja akaingia mpaka mtaa wa mabanda wa Kangemi mwaka 2015, aliandika mwaka 2013 kwamba Ekaristi si zawadi ya waliokamilika bali ni dawa na chakula cha wanyonge, na kwamba Kanisa si kituo cha kulipia ushuru wa njia. Sisi wa Nairobi hiyo hatuhitaji kuelezewa. Tuna ile Expressway, barabara ya juu ya kulipia, kutoka Mlolongo mpaka Westlands, tunaijua vizuri kwa kuitazama kutoka chini, tukiwa kwa matatu, kwa jam.

Wacha niseme na ya marinda kwa sababu hapo naongea kitu ninachokijua na pia najikata tumbo mwenyewe. Rinda la kawaida la Komunyo mimi nalishona kwa 1,800. Ukitaka neti na lesi na shanga tunaongea 3,500 kwenda juu. Bado viatu vyeupe, soksi, glavu, taji, mshumaa wa kupambwa. Kila mwaka yanazidi kuwa marefu na mapana, mwaka jana mama mmoja alitaka mkia wa mita mbili, nikamwuliza mtoto atapiga magoti vipi na huo mkia, akasema kuna dada yake wa kuubeba. Mwingine aliniletea vile vitaa vya kuwakawaka niweke kwa pindo, hapo nilikataa, nikamwambia hii si Krismasi. Nacheka lakini nimekula hiyo pesa, nimelipa karo na hiyo pesa. Na nimeona kitu kimoja: kuna mama huja wanapima mtoto, wanauliza bei, wanasema watarudi, na Jumapili huwaoni wao wala mtoto. Hakuna aliyewafukuza. Wamejifukuza wenyewe kwa aibu ya rinda. Wavulana wana afadhali, shati nyeupe na suruali ya shule basi.

Siku ya ubatizo Kanisa lilimvalisha kila mtoto vazi jeupe na hakuna aliyekuwa na la mkia. Mimi napendekeza parokia iwe na kanzu zake, nyeupe, za wavulana na wasichana sawa, kama zile za watumishi wa altare, mtoto anaazimwa Jumamosi anarudisha Jumatatu. Nimepiga hesabu. Mtoto wa miaka 10 anakula mita mbili na nusu za poplini, tuseme mia mbili kwa mita, ni 500, na ushonaji 300. Kanzu 40 ni 32,000, na zikifuliwa vizuri zitavaliwa miaka na miaka. Hema na viti na vipaza sauti vya mwaka huu tulilipa zaidi ya hiyo kwa siku moja, mimi ni mhazini, najua. Mambo ya keki na mapicha nayaacha, hayo yako kwa nyumba za watu, na ile ya watoto ambao wazazi hawajafunga ndoa kanisani inataka barua yake peke yake.

Hii ya kuazimana sijaitoa hewani. Mama yangu alikuwa Uhuru Park tarehe 18 Agosti 1985, Papa Yohane Paulo wa 2 alipofunga Kongamano la 43 la Ekaristi la Kimataifa, walitoka Kaloleni kwa miguu kungali giza, mimi nikaachwa kwa jirani nalia. Jambo la kongamano lilikuwa Ekaristi na familia ya Kikristo, na mama alilirudia hilo neno familia maisha yake yote kama kwamba Papa alimwambia yeye binafsi. Nilipofika miaka 9 nikapokea na rinda la kupokezana. Lilikuwa limeanza na msichana wa nyumba ya mbele, mimi nilikuwa wa sita. Mama alinikalisha akanipa wembe nifumue pindo mwenyewe, na ukiligeuza ndani unaona mistari ya pindo zote za zamani, kila msichana na wake, mmoja mfupi sana ambaye tulikuwa tunamcheka. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kushika sindano ya maana. Hakuna mtu kwa ploti aliulizwa ametoa nini. Na tulikuwa maskini kuliko sasa, nawaambia, hizo nyumba hazikuwa na stima.

Kwa hivyo naomba, kwa heshima yote, na mkisema nimekosa adabu nitakubali kuitwa. Huo mstari wa chini utoke kwa fomu. Mkitaka kufuatilia michango nifuateni mimi, niko na kitabu, nitaenda nyumba kwa nyumba kama nilivyokuwa nafanya, lakini kitabu changu kisikae karibu na kitabu cha katekista hata kwa meza moja. Fomu za darasa linalofuata zimeshaanza kuja, nimeletewa 7 wiki hii, sijasaini hata moja na sijatuma majina ya mtu. Pale kwa mhazini nimeandika tu, angalieni alichoandika katekista. Kama hiyo inatosha kunitoa uhazini, daftari liko safi, mrithi atalikuta limejumlishwa mpaka Jumapili iliyopita.

Jimboni nako, kama barua imefika, ningependa tu mtuambie kwa maandishi, karatasi moja ya kubandika kwa kila ofisi ya parokia, mambo ya kanuni ya 848. Watu wa ofisi si wabaya. Wanafanya walichokuta.

Na hao wengine. Majina yalikuwa 9, nilisema. Niliuliza, nyumba 3 kati ya hizo zilikuwa na mtoto kwa darasa la mwisho. Wawili nimesikia wamepelekwa kwa kanisa la jirani wakapokea huko kimya kimya na sitawasemea. Amebaki huyu wa shosho. Ameambiwa angoje Juni. Baba Paroko, mwana wa dada yangu ameniambia hakuna sheria inayosema Komunyo ya kwanza lazima iwe siku ya hema na askari wa maegesho, mtoto aliye tayari anaweza kupewa Jumapili yoyote kwa Misa yoyote. Ile ya saa kumi na mbili na nusu huwa na watu wachache na shosho huwa hakosi, anasali kabla ya kwenda soko la Wakulima kuchukua mboga. Kitubio atafanya tena Jumamosi, hata kama ile ya kwanza haijaisha.

Rinda bado limening'inia kwa kibanda changu, ndani ya shuka lisishike vumbi. Wateja wawili wametaka kulinunua. Msichana amerefuka, juzi nimemwita nikampima na nimeachia pindo inchi moja na nusu, imebaki moja tu. Nitalileta mwenyewe. Na siku mkinunua poplini nileteeni, hizo kanzu 10 za kwanza nitashona bure.

Wenu katika Kristu,
mhazini, na fundi